Kipya Kinyemi, Hata Kikiwa Sindano

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati. Kama mgongo unakuuma, na daktari ameshakuhakikishia hakuna kilichovunjika wala kuoza ndani, na sasa unachagua kati ya sindano za akyupancha na mtu wa kukukanda, chagua mkono. Si kwa sababu mkono una miujiza. Ni kwa sababu sijaona ushahidi mzuri kwamba sindano inauzidi mkono kwa mgongo, isipokuwa kwa bei na heshima.

Najua nimeshaudhi watu. Nina marafiki ambao siku hizi hawaumwi hata kichwa bila kutaja qi. Tulieni, tutafika.

Mimi si daktari. Hata digrii sina. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, na tangu hapo naandika kwa kulipwa. Nikisema naandika, usinione nimekaa mkahawani na kahawa yenye povu. Nawaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, usiku, laptopu mapajani, mgongo ukutani, kwenye bedsita moja ya Kahawa West. Nimesaidia watu kupata digrii ambayo mimi mwenyewe ilinihepa. Miaka minne ya kazi hiyo imenilipia kodi na kuniachia kiuno kinachowaka na shingo ambayo ikifika Alhamisi haigeuki. Nikiitwa nyuma, nageuka mwili mzima kama lori.

Nilianza na tembe. Panadol, kisha zile kali za duka la dawa, mpaka tumbo nalo likaomba kuhudumiwa. Ndipo msee mmoja tunayeandika naye akaniambia habari za kliniki fulani ya sindano. Shilingi 3,500 kwa kikao kimoja, na wanakushauri vikao 10. Nikakusanya za vikao viwili, nikaenda.

Nililazwa kifudifudi. Chumba safi, muziki wa filimbi, harufu kama ya udi. Ukutani palikuwa na picha ya mtu aliyechorwa mistari mwili mzima, utadhani ni ramani ya matatu za Nairobi. Mwenye koti jeupe akanieleza kwamba kuna nguvu iitwayo qi, inapita kwenye njia zile, na kwangu njia imeziba. Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwuliza qi ni nini, wala imepimwa na nani. Akanidunga sindano 14, nyembamba kama unywele, akaniacha nusu saa. Hakuna kilichouma. Kusema kweli nililala usingizi.

Na nilipata nafuu, siku tatu hivi. Sitakana.

Lakini usiku ule nilimpigia mamangu Likoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgongo je?"

"Umepoa kidogo. Nimedungwa sindano."

"Sindano ya dawa?"

"La, sindano tupu. Kumi na nne, mgongoni."

Akanyamaza kidogo. "Kwani wewe u nguo, washonwa?"

Nikacheka. Nilipomtajia bei, yeye hakucheka. Mamangu huuza mahamri asubuhi karibu na kivuko, shilingi 10 moja. Yaani kikao changu kimoja kilikuwa mahamri 350, kabla hujatoa unga, nazi na mafuta. Akaniuliza swali ambalo ndilo limezaa makala haya: "Na yule jirani yetu aliyekukanda miaka yote, ulimlipa ngapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu ni karibu na bure.

Mtaani kwetu yupo mama mkandaji. Kila mtu anamjua. Mwanamke akijifungua, huitwa yeye aje amkande kwa maji moto siku za arobaini. Kuli akitoka bandarini kiuno kimekaza, huenda kwake. Sisi vijana wa mpira tukiteguka vifundo tulipelekwa kwake tukichechemea. Ana kijichupa cha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, na kabla hajakugusa anakuuliza: umelala vipi, umebeba nini, una mawazo gani? Halafu vidole vinaanza kutafuta. Malipo yake ni shilingi 200, au kilo ya sukari, au "Mungu atakulipa". Na akishaondoka, wale wale waliokandwa wananong'ona kwamba huenda ana majini.

Angeniambia yeye kwamba kuna nguvu imeziba njia mwilini mwangu, ningemhoji mpaka kesho. Ningesema huu ni ushirikina. Mwenye koti jeupe aliponiambia maneno hayo hayo, niliitikia kwa kichwa na kutoa 3,500. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na nadhani si yangu peke yangu.

Sasa tuje kwa ushahidi, maana kuna mtu ameshaandaa kuniambia kwamba hayo ni mapenzi ya nyumbani tu.

Mwaka 2001 watafiti wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Daniel Cherkin, walichapisha utafiti uliouliza hasa swali letu. Walichukua watu 262 wenye maumivu sugu ya mgongo, wakawagawa kwa kura: kundi moja akyupancha ya Kichina, kundi moja masaji, kundi moja likapewa kitabu na video za kujitunza. Baada ya wiki 10, waliokandwa walikuwa wanafanya shughuli zao za kila siku kwa urahisi kuliko waliodungwa. Baada ya mwaka, bado walikuwa mbele ya waliodungwa, na ndio waliotumia dawa chache zaidi na gharama ndogo zaidi za matibabu. Niwe mkweli pia: kufikia mwaka huo, wale wa kitabu na video walikuwa wamewafikia waliokandwa. Sisemi mkono ulishinda ubingwa wa dunia. Nasema katika mechi hiyo haukufungwa na sindano.

Twende Ujerumani, 2007. Huko walikusanya watu 1,162 wenye mgongo unaouma. Wengine walidungwa sindano mahali panapostahili kwa mujibu wa ile ramani. Wengine walidungwa juu juu tu, mahali pasipo na maana yoyote kwenye ramani. Wengine wakapata matibabu ya kawaida: dawa, fiziotherapi, mazoezi. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za kweli, asilimia 44.2 kwa sindano za uongo, na asilimia 27.4 kwa matibabu ya kawaida.

Soma tena namba hizo. Sindano za kweli na za uongo zimetoshana karibu sawa. Zote mbili zimeyashinda matibabu ya kawaida kwa mbali.

Miaka miwili baadaye Cherkin na wenzake wakaenda mbele zaidi. Katika watu 638, kundi moja halikudungwa kabisa. Waliguswa ngozi kwa kijiti cha meno kilichofichwa ndani ya kijibomba cha sindano. Kijiti cha meno, jamani! Kile cha kuchokolea nyama choma. Baada ya wiki 8, wa kijiti walikuwa wamepata nafuu sawa na wa sindano, na wote walikuwa wamewapita walioendelea na matibabu yao ya kawaida.

Kwa hivyo rafiki yangu anaponiambia "lakini mimi zilinisaidia," namwamini. Mimi pia zilinisaidia. Ninachokataa ni maelezo. Kama kijiti kinafanya kazi sawa na sindano, na mahali popote panafanya kazi karibu sawa na mahali maalumu, basi ile ramani ya ukutani sio inayotibu. Kinachotibu ni kulala chini nusu saa bila simu, mtu mwingine akikuuliza unaumwa wapi na kusikiliza jibu, na wewe mwenyewe kuamini kwamba leo jambo fulani linafanywa kwa ajili yako. Wazee walishasema ganga ganga za mganga humpa mgonjwa matumaini. Matumaini si kitu kidogo. Lakini usiniuzie matumaini kwa bei ya ramani.

Hapa mtu mwerevu ataninyaka. Atasema: "Sawa, sindano imepimwa dhidi ya sindano bandia ikakwama. Je, mkono umepimwa dhidi ya mkono bandia?" Swali zuri. Mkono bandia ni vigumu kuutengeneza. Mtu akikukanda unajua umekandwa. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha nafuu kinatokana na vidole na kiasi gani ni faraja. Lakini mwaka 2011 walijaribu jambo la karibu na hilo. Watu 401 waligawanywa: wengine wakapata masaji ya kitaalamu inayolenga misuli na viungo maalumu, wengine masaji ya kawaida ya kupumzisha mwili, wengine matibabu yao ya siku zote. Aina zote mbili za masaji zilisaidia kuliko matibabu ya siku zote, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Baada ya mwaka mmoja, nafuu ilikuwa imefifia.

Yaani hata kwenye kukanda, utaalamu wa majina makubwa haukumpita mtu anayekukanda vizuri tu. Nakubali. Tena nakubali kwa furaha, kwa sababu ndiyo hoja yangu. Kama siri iko kwenye muda, mguso na usikivu, basi yule mama wa Likoni anavyo vyote vitatu, kwa shilingi 200.

Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeweka sindano na masaji kwenye orodha moja ya vitu vinavyoweza kusaidia, kwa tahadhari, kando ya mazoezi na elimu. Ile mikanda ya mgongo inayouzwa kila mahali, mwongozo huo haupendekezi. Sindano haikupewa kiti cha mbele. Sisi ndio tuliompa mgeni kiti cha mbele. Tulisema mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasahau kuuliza mwenyeji alikuwa anaponaje kabla mgeni hajafika.

Na hiyo heshima ya sindano, usidhani ilishuka na mvua. Huko China kwenyewe, mwaka 1822 mfalme Daoguang aliiondoa akyupancha kwenye taasisi ya tiba ya ikulu. Mwaka 1929 maafisa wa afya wa serikali walipitisha pendekezo la kufuta tiba za jadi, na waganga wakaandamana. Ni katika miaka ya 1950, wakati serikali ya Mao ilikuwa na mamilioni ya wagonjwa na madaktari wachache, ndipo tiba hizo zilipoinuliwa rasmi. Mwaka 1956 vyuo vya tiba ya Kichina vikafunguliwa Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Kilichokuwa kazi ya waganga wa mitaani kikapata mtaala, mtihani na koti jeupe.

Kisha ikaja hadithi ya kuiuza nje. Mwaka 1971 mwandishi wa New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing, akapasuliwa. Mpaka leo kuna watu wanaosimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano za akyupancha badala ya ganzi. Mwenyewe aliandika kwamba alidungwa dawa za ganzi za kawaida. Akyupancha ilikuja baadaye, tumbo lilipomsumbua baada ya upasuaji. Lakini hadithi tamu haisubiri masahihisho.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hatuambiwi. Katika vyuo hivyo hivyo vya China, kukanda kunafundishwa pia. Wanakuita tuina. Na kwa miaka mingi serikali ya huko imewafundisha watu wasioona kazi ya kukanda, wakajipatia riziki na heshima. Yaani Wachina waliinua sindano na mkono pamoja. Sisi tukaagiza sindano, mkono tukauacha bandarini.

Wetu tulioukuta nyumbani tumeufanya nini? Tumeufanya mzaha. Sema "masaji" katikati ya wasee wa Nairobi uone watakavyokonyezana. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu alisomea kazi hii, ana cheti, anajua misuli kwa majina. Anafanya kazi spa na analipwa kwa kichwa. Wanaume humwandikia saa nne usiku wakiuliza kama anatoa "huduma zote". Mwanamume akishika sindano huitwa daktari. Mwanamke akishika mafuta huulizwa bei ya kitu kingine. Hiyo tofauti haikutoka kwenye utafiti wowote. Imetoka kwenye vichwa vyetu, na kwenye mazoea ya kudharau kazi yoyote inayofanywa na mikono ya wanawake.

Sitaki pia kuupaka mkono asali. Kuna mambo mkandaji hapaswi kugusa. Mguu uliovimba upande mmoja na kuuma ghafla unaweza kuwa na damu iliyoganda. Ukiukanda unahatarisha maisha. Mfupa uliovunjika haukandwi. Tumbo la mjamzito si mahali pa kulazimisha mtoto ageuke. Na mgongo unaouma pamoja na homa, kukonda, ganzi sehemu za siri, miguu kulegea au mkojo kutozuilika, huo si wa sindano wala wa mafuta. Huo ni wa hospitali, leo, si kesho. Kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Sindano nayo ina hatari zake: isipokuwa mpya ni njia ya maambukizi, na ikidungwa vibaya kifuani inaweza kutoboa pafu, ingawa hilo hutokea mara chache.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na sioni kama ni makubwa.

Kwanza, swali unalomwuliza mama mkandaji, mwulize na mwenye koti jeupe. Hii inafanyaje kazi? Umejuaje? Lini utaniambia haifai, niende kwingine? Akikasirika, chukua viatu vyako.

Pili, mkandaji alipwe, na afundishwe. Sheria ya Afya ya 2017 imetenga sehemu nzima kwa tiba asili na tiba mbadala. Vizuri. Lakini yule wa kwetu hajawahi kuona darasa, kadi wala mkaguzi. Mafunzo ya siku chache, ajue dalili za hatari na mahali pa kumpeleka mgonjwa, yangeokoa watu kuliko zile filimbi za kliniki.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi: tuache kutibu mgongo kana kwamba umejiumiza wenyewe. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Hawakuzibwa qi wote kwa pamoja. Kuna makuli wanaobeba magunia, kuna wamama walioinamia beseni za nguo za wenyewe, kuna sisi tunaopigwa na usiku juu ya godoro tukiandika insha za watu. Sindano haibadilishi hilo, na mkono haubadilishi pia. Mkono angalau hauniambii shida ni njia zilizoziba mwilini mwangu.

Kikao cha pili cha sindano sikukienda. Nilinunua meza ya mtumba na kiti chenye mgongo, nikaanza kutembea mpaka Kamakis na kurudi kila jioni. Shingo bado inakaza, lakini sasa inageuka.

Pasaka nilishuka Likoni. Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili: unga hukandwa, na mtu hukandwa. Nilimkuta mamangu, mikono imetoka kwenye unga wa mahamri, anamkanda vidole yule mama mkandaji. Vimevimba kwenye viungo. Miaka yote ile amekanda mtaa mzima, na mganga hajigangi. Nilikaa, nikasubiri zamu, naye akanikanda kwa viganja kwa sababu vidole havikunji tena sawasawa. Aliniuliza nalala vipi. Aliniuliza kama bado nina mawazo ya chuo.

Nikampa elfu moja. Akafungua pindo la leso akaanza kutafuta chenji. Nikamwambia hakuna chenji, hiyo ndiyo bei.

"Bei ya nani?" akauliza.

Hilo ndilo swali nawaachia. Wewe mwenye mgongo unaouma, uliyelipa 3,500 kwa sindano bila kuuliza: bei ya nani?